Taabu ya Kujitakia

Katika darasa letu liliulizwa suala ambalo kwa nje laonekana dogo. Kijana mmoja na mkewe, wote wawili wenyeji wa Mombasa na watu wa sala, walifunga safari ya siku tisa kwenda magharibi ya Kenya, katika kaunti za Migori na Homa Bay. Hawakwenda kwa biashara wala kuzuru jamaa. Walikwenda kutembea kwa miguu katika nchi ya mawe na vilima, kulala hemani na kubeba shanta zao mgongoni. Wakarudi wamekonda na nyuso zimeungua, na watu wakawasema. Ndipo mmoja katika darasa akauliza: Je, taabu anayojitakia mtu mwenyewe ina thawabu, au ni upuuzi, au ni dhambi?

Majibu yakawa mengi, kama ada yetu. Wako waliosema kuwa ni israfu tupu. Wako waliosema kuwa kosa ni la mke, kwani mwanamke mahali pake ni nyumbani. Na wako vijana waliosema kuwa ni ibada, kwa sababu Qur'ani imetuamrisha kwenda katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Nami naona wote watatu wamejibu kabla ya kuuliza khabari ya safari yenyewe.

Kwanza na tuijue nchi. Wawili hawa tamaa yao ilikuwa Kilimanjaro, waione ile nyika kavu ya juu iliyo baina ya Kibo na Mawenzi, kupita mita 4,000, ambako hapaoti mti, mchana ni jua kali na usiku ni baridi ya kugandisha maji. Jamaa zetu walioko Oman wanao mfano wake katika Jabal Shams, mlima wa mawe matupu ulio karibu na mita 3,000. Gharama za Kilimanjaro zikawashinda, wakaona waende mahali pa rahisi zaidi. Migori na Homa Bay si jangwa. Ni nchi ya mahindi na samaki, na watu ni wengi. Walakini upande wa ziwani mvua ni haba kuliko ule wa milima ya Kisii, na katika miezi ya kiangazi majani hukauka yakawa kama makuti, na mawe hupata moto. Wala mtu wa pwani asidhani kuwa akifika ziwani amefika bondeni. Uso wa Ziwa Viktoria wenyewe u juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na vilima vyetu vya Shimba havifiki hata nusu ya kiasi hicho.

Kituo chao cha kwanza kilikuwa Thimlich Ohinga, mwendo wa kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori, upande wa kaskazini magharibi. Huko kuna maboma ya mawe yaliyojengwa pasi na chokaa wala udongo wa kuunganisha, jiwe juu ya jiwe, makubwa kwa madogo yakishikana. Kuta zake zina kimo cha mita moja na nusu mpaka nne na nusu, na milango ni mifupi, hata anayeingia hana budi kuinama. Wataalamu wadhani kuwa yalijengwa katika karne ya 16, yaani zama zile zile Wareno walipokuwa wakijenga Ngome yetu ya Mombasa. Wakaao humo wakaondoka, wakaja wengine wakakaa baada yao, kisha pakahamwa. Mwaka 1981 serikali iliyafanya kuwa ukumbusho wa taifa, na mwaka 2018 yakaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Sisi tunaojivunia magofu ya Gedi na misikiti ya mawe ya pwani, tukadhani kuwa bara hapakuwa na mjenzi, ingetufaa kuinama katika milango ile. Katika hili vijana wamesema kweli: mtu aliyesimama baina ya kuta zile akawafikiri waliozijenga, watoto na ng'ombe wao walikuwa wapi usiku, na sasa wako wapi, ameitikia agizo la Mola wake.

Lakini hayo ni thawabu ya kutazama na kufikiri. Taabu yenyewe, je?

Wenye kuitukuza taabu hutoa hoja ya hadithi ya Bibi Aisha, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia kuhusu umra yake kuwa ujira wake utakuwa kwa kadiri ya tabu yake. Hadithi ni sahihi, ila tabu iliyotajwa ni ile isiyoepukika katika kazi ya kheri. Ama taabu inayotafutwa kwa ajili ya taabu, Mtume aliikataza kwa uwazi. Alimwona mtu amesimama juani, akaambiwa kuwa ameweka nadhiri asikae, asikae kivulini, asiseme, na afunge. Akaamrisha aseme, akae, aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Akamwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili kwa nadhiri ya kwenda kwa miguu, akasema kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujiadhibu nafsi yake, akamwamuru apande mnyama. Na safari yote kwa jumla ameiita kipande cha adhabu, akatutaka tukishamaliza haja zetu tufanye haraka kurudi kwa watu wetu. Mwenye maji ya moto akayaacha, akatawadha kwa maji ya baridi ili apate thawabu zaidi, huyo ameongeza baridi tu.

Basi taabu si ibada. Wala si haramu, maadamu haimdhuru mtu, haimpotezei sala, wala haili haki ya watoto na madeni. Mtu kwenda kuzipa nguvu miguu yake na kuburudisha macho yake ni jambo la halali. Wanaosema israfu ningewaomba watazame kwanza gharama za arusi zetu.

Liko jambo moja katika safari ambalo nyumbani halipatikani. Imamu Ghazali ameeleza kuwa safari imeitwa safari kwa sababu hufunua tabia za watu. Na Sayyidna Umar, alipojiwa na mtu anayemshuhudia mwenzake kwa wema, alimwuliza kama amepata kusafiri naye. Aliposema hapana, akamwambia kuwa hamjui. Nyumbani mume yuko dukani na mke yuko na jamaa zake. Huweza kupita miaka kumi wasijuane.

Wawili hawa walijuana siku ya saba. Walikuwa wamekwisha pita Bonde la Lambwe, ambako iko mbuga ya Ruma, wakafika chini ya Mlima Homa, katika rasi iingiayo ziwani. Kilele chake ni mita 1,751. Mke alikuwa na malengelenge miguuni, akaomba wapumzike siku hiyo. Mume akamwambia: "Tukirudi sasa, watu wa Mombasa tutawaambia nini?" Akamwacha katika nyumba ya watu wasiowajua, akapanda na kiongozi wake, akarudi jioni na picha zake. Walipokuja kwangu mke alisema: "Mguu umepona, Sheikh. Lakini tangu siku ile kila akiniambia twende mahali, namwona mgongo wake ukinitangulia." Mume akasema kuwa mke mwenyewe alikubali kwenda, na alijua kuwa ni safari ya taabu.

Hoja hii ya mume nimeisikia katika mambo mengi kuliko milima, ndiyo maana naijibu hapa mbele ya wote. Kukubali safari si kukubali kuachwa njiani. Na neno lake mwenyewe limeonyesha nia yake ilikuwa wapi: hakumtaja Mungu, wala mlima, wala mkewe, aliwataja watu wa Mombasa. Na wale waliomlaumu mke kwa kutoka nyumbani, wakumbuke kuwa Mtume akitaka safari alikuwa akiwapigia kura wake zake, aliyetokewa na kura huenda naye. Katika moja ya safari hizo mkufu wa Bibi Aisha ulipotea, akalisimamisha jeshi zima ili utafutwe, mahali pasipo maji, na watu hawana maji. Sayyidna Abubakar akamkaripia binti yake. Mtume hakumkaripia, naye alikuwa amelala, kichwa chake juu ya paja la mkewe. Kulipopambazuka ikashuka aya ya tayammum, ambayo kwayo twasali mpaka leo tunapokosa maji. Jeshi lilisimama kwa ajili ya mkufu. Mlima Homa ungengoja mguu.

Na yuko mtu wa tatu ambaye darasani hakutajwa kabisa. Mama mwenye nyumba ile, Mjaluo asiye wa dini yetu, alimkalisha mke chini ya mti, akamwosha mguu, akampa uji. Maji aliyomwosha nayo alikuwa ameyabeba kichwani asubuhi ile kutoka ziwani. Mume aliposhuka alimpa noti, mama akaikataa. Kisha akampiga picha bila ya kumwomba idhini. Taabu ambayo kijana wetu aliifuata kwa nauli, mama huyu anayo kila siku, na hapana amsifuye.

Kesho yake walipita Simbi, karibu na Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa siku nyingi. Ni ziwa dogo la maji ya magadi, mviringo, lililo katika shimo la volkeno, ambako huja heroe. Wenyeji husimulia kuwa palikuwa na kijiji. Akaja kikongwe usiku wa karamu akiomba hifadhi, wakamfukuza wote ila mwanamke mmoja, na kwa hayo kijiji kikazama kwa mvua. Hatusemi kuwa hadithi hii ni wahyi, na wenye elimu ya ardhi wana maelezo yao. Ila watu wanaowasimulia watoto wao kisa hicho wameifahamu haki ya mgeni, na tumeiona kwa yule mama.

Mume aliniuliza kama ana kafara. Katika jambo hili hapana kafara. Nilimwambia amwombe mkewe radhi, na si mbele yangu, wala asimharakishe kujibu. Na ile picha aifute, au apeleke salamu kwa mama yule amwombe ruhusa. Mke kumbe alikwisha kumpelekea pea ya leso na kikapu cha tende, kwa mkono wa mwenye duka mmoja wa Kendu Bay.