Ujira wa Mkunga ni Deni la Nani?

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini je, gharama ya kuzaa nayo ni ya mzazi peke yake?

Huko Uingereza sheria ya mwaka 1936 iliziagiza serikali za mitaa kuweka wakunga wa mshahara, lakini mama aliweza kutozwa ada. Vita vilipokwisha, tangu tarehe 5 Julai 1948, ada hiyo iliondolewa. Mkunga akaenda kwa maskini na kwa tajiri pasipo kudai kitu.

Wako wasemao kwamba cha bure hudharauliwa. Huenda ni kweli kwa nguo na sukari, maana mnunuzi aweza kungoja. Mwenye utungu hawezi kungoja, wala kupatana bei. Akiogopa deni, atachelewa kumwita mkunga, na kuchelewa huko kwaweza kuleta mauti.

Tena haikuwa bure: watu walikwisha kulipa kwa kodi zao. Basi msaada ule haukuwa sadaka, bali deni lililolipwa. Maana kila mmoja wetu, waume kwa wake, alipokewa na mikono ya mtu siku ile ambayo hakuwa na hata senti moja.