Mwenye Wazimu ni wa Nani?

Tunapofundisha juu ya amri ya kupenda jirani, swali moja hurudi kila mwaka. Watu husema: "Mgonjwa wa homa twampeleka kwenye kituo cha afya, anapona, anarudi. Lakini mwenye wazimu, je, ni wa nani? Ni wa hospitali, ni wa serikali, ni wa mapadre, au ni wetu?" Zamani jibu lilikuwa fupi: ni wa jamaa zake, nao wakichoka, ni wa porini. Baadaye zikajengwa mijini hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, na wengi wakadhani kwamba mzigo umetuliwa. Siku hizi waganga wenyewe watuambia jambo lingine, kwamba mgonjwa wa namna hii yafaa atunzwe karibu na kwao, kadiri iwezekanavyo, akipata dawa katika kituo cha afya, na kula na kulala kati ya watu wake. Basi mzigo warudi mlangoni petu. Tuutazame vema kabla ya kuupokea au kuukataa.

Kwa nini waganga wasema hivyo? Mpaka katikati ya karne iliyopita hapakuwa na dawa hasa ya wazimu mkali. Kuta, kamba na minyororo ndivyo vilivyotumika, hata Ulaya. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, wagonjwa walianza kupewa dawa iitwayo klopromazini, ikaonekana kwamba wengi waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha waliweza kuketi, kula na kuzungumza. Dawa za jamii hiyo muuguzi aliyefundishwa aweza kuzitoa. Huko Lubero, katika Kivu ya Kaskazini, jambo hili lilijaribiwa tangu mwaka 2011 hata 2015, na ugonjwa wa akili ukatibiwa katika vituo vya afya vya kawaida, mahali pale pale panapotibiwa malaria. Wenye kifafa nao hutibiwa hivyo, ingawa kifafa si wazimu, wala hakiambukizwi kwa mate. (Mtoto aliyeanguka motoni, watu wakaogopa kumshika kwa sababu ya povu kinywani, ameumizwa na ujinga wetu kuliko ugonjwa wake.)

Tena, hospitali ziko mbali. Ile ya Kinshasa, yaani kituo kikuu cha wagonjwa wa akili na mishipa ya fahamu, ni safari ya ndege. Ile ya Bukavu, iitwayo Sosame, inayotunzwa na mabruda wa shirika la Padre Petrus Jozef Triest, lililoanzishwa Gent mwaka 1807, inafanya kazi njema, lakini mtu wa Gety ataifikiaje? Na akifika, akatulia, akarudi, atakuta nini? Mara nyingi atakuta nyumba yake imepewa mwingine, shamba lake linalimwa na mdogo wake, na watoto wakimkimbia njiani. Dawa imefanya kazi yake, kijiji hakijaanza yake.

Sisi wa Gety hatuna ruhusa ya kuliona jambo hili kuwa la wengine. Waliopitia miaka ya vita, waliokuwapo mwaka 2006, makumi elfu ya watu walipokimbilia hapa bila chakula wala paa, wanajua kwamba akili ya mtu yaweza kuumia kama mguu unavyoumia. Wapo waliokuwa wazima wakalala, wakaamka wengine.

Fungueni sasa Injili ya Marko, sura ya tano. Yupo pale mtu akaaye makaburini katika nchi ya Wagerasi. Watu walimfunga kwa pingu na minyororo, naye akaikata. Usiku na mchana alilia milimani, akijipiga kwa mawe. Injili yasema kwamba alikuwa na pepo, nasi twaamini hivyo. Lakini msifanye haraka kusema kwamba kila mwenye wazimu ana pepo, kwa maana Kanisa halisemi hivyo. Kanisa laagiza kwamba kabla ya kumfukuza shetani ichunguzwe kwanza kama si ugonjwa, na kazi hiyo ni ya padre peke yake, kwa ruhusa ya askofu. Anayemfunga mgonjwa chumbani, akimnyima chakula na dawa na kuita hayo maombi, hakutumwa na Kanisa.

Tazameni hasa yaliyotokea baadaye. Bwana Yesu alipokwisha kumponya, watu wakaja, wakamwona ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Nao wakaogopa! Alipokuwa akilia makaburini walikuwa wamemzoea, lakini ameketi kama wao, hofu ikawashika, wakamwomba Yesu aondoke mipakani mwao. Mtu yule naye aliomba afuatane na Yesu katika chombo. Mnafikiri kwa nini? Mimi naona kwamba aliwajua jirani zake. Ilikuwa rahisi kwake kwenda mbali na Bwana kuliko kurudi kwa watu waliomfunga. Lakini Yesu hakumkubalia, akamtuma aende nyumbani, kwa watu wa kwao. Yaani uponyaji ulioanza ufukoni ulipaswa kukamilika nyumbani, kati ya watu wale wale walioogopa.

Je, jambo hili lawezekana kwa wanadamu wa kawaida? Katika Ubelgiji, walikotoka wengi wa wamisionari waliohubiri Injili Kongo, upo mji uitwao Geel. Husimuliwa kwamba Mtakatifu Dymphna, binti wa mfalme wa Ireland, aliuawa huko na baba yake mwenyewe aliyerukwa na akili. Mahujaji wakawaleta wagonjwa wao kanisani kwake, hata nyumba iliyojengwa kando ya kanisa ikajaa. Ndipo wakulima wa mji wakawapokea nyumbani mwao. Desturi hiyo imedumu kwa mamia ya miaka. Mwaka 1938 wagonjwa zaidi ya 3,500 walikuwa wakikaa katika nyumba za watu, wakikamua ng'ombe, wakibeba watoto, wakila mezani na wenyeji. Siku hizi ni wachache sana kuliko hapo, lakini desturi haijafa. Tena angalieni hili: wenyeji hawakuachwa peke yao. Wauguzi huwatembelea, hospitali iko nyuma yao, na posho hulipwa. Anayewaambia wanakijiji "mpokeeni" kisha haonekani tena, huyo amewatua mzigo wengine tu.

Wala msidhani kwamba ni jambo la Wazungu. Huko Bouaké, katika Kodivaa, Grégoire Ahongbonon, fundi wa magurudumu ya magari aliyezaliwa Dahomey, nchi ambayo sasa ni Benin, alianza na kikundi cha sala kuwatembelea wagonjwa maskini hospitalini. Baadaye akawaona wenye wazimu waliotupwa barabarani, na wengine waliofungwa kwa minyororo kwenye miti vijijini. Akawafungua, akawapa dawa na kazi, na wengi waliopona wakawa watunzaji wa wenzao. Hakuwa mganga wala padre.

Lakini tuseme kweli, yupo mama anayesema: "Mwanangu alinipiga, nitamwekaje nyumbani?" Huyu asihukumiwe. Mgonjwa aliye mkali na apelekwe kwa muuguzi, na ikihitajika hospitalini, mpaka atulie, kwa maana kupenda si kujiacha uuawe. Kosa liko kwetu tunaomwachia mama mmoja kazi ya watu kumi. Mmoja wa jirani aweza kukaa na kijana huyo siku ya soko ili mama aende kuuza mihogo yake. Mwingine aweza kumsindikiza kuchukua dawa kila mwezi, kwa sababu wengi, wakiisha kupata nafuu, huacha dawa na kuanguka tena. Hayo mkatekumeni aweza kuyafanya kabla hata ya kubatizwa.

Wengine huuliza kama mgonjwa hutenda dhambi anapotukana au kupiga. Asiyejua alitendalo hahesabiwi alilotenda, na wengine tumwachie Mungu anayepima nuru ya kila mtu. Tena huuliza kama aweza kubatizwa, naye hawezi kujifunza katekisimu. Sheria ya Kanisa yamhesabu mtu asiyeweza kabisa kujiongoza akili zake kuwa kama mtoto mchanga kwa habari ya ubatizo. Basi yeye hatahojiwa maswali kama ninyi. Atahitaji wakristo watakaosimama kwa ajili yake, na mzazi au ndugu wa imani. Anayetaka kumleta Misa na aseme kwanza na katekista juu ya mahali pa kumketisha: karibu na mlango, kando ya mtu anayemzoea, ili akichoka na nyimbo apate kutoka taratibu na kurudi.