Mkono Umeshikwa, Kifua Kinahesabiwa

Kuna udanganyifu mdogo unaofundishwa darasani kabisa, na anayeufanya vizuri anapewa maksi. Uko kwenye mafunzo ya uuguzi, katika somo la kumpima mgonjwa mwenye shida ya kupumua. Muuguzi anafika kitandani, anasema, "Shikamoo bibi," anaitikiwa marahaba kwa taabu, kisha anasema, "Naomba mkono nikupime mapigo." Anashika kifundo cha mkono, anatazama saa. Mapigo anayahesabu kweli. Lakini akishamaliza, mkono hauachii. Macho yanahamia kifuani, na kwa dakika nzima anahesabu kifua kinavyopanda na kushuka, huku bibi akidhani bado ni habari za mapigo.

Sasa kwa nini asimwambie tu? Kwa sababu mtu akijua pumzi yake inahesabiwa, pumzi inabadilika. Hata wewe unayesoma hapa, huenda yako imeshabadilika tangu aya iliyopita. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo ukakutii papo hapo. Pumzi ina mabwana wawili: shina la ubongo, linaloiendesha usiku kucha bila kutuuliza, na sisi wenyewe, tunaoweza kuivuta, kuizuia, hata kupiga nayo mbizi. Mwambie mgonjwa "nahesabu pumzi zako" na yule bwana wa pili anaamka. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Bibi aliyekuwa anahema mara 28 anajikaza kama mtu anayepigwa picha, pengine kwa adabu tu, hataki kumsumbua mtoto wa watu, anakupa 22. Unaondoka umeridhika, na yeye anabaki na nimonia yake.

Kwa hiyo muuguzi anamficha bibi ili mwili wa bibi useme ukweli. Je, huo ni uongo?

Immanuel Kant anajulikana kwa ukali wake kwenye jambo hili. Katika insha yake ya 1797 alishikilia kwamba hata muuaji akikuuliza kama rafiki yako yumo ndani, huna haki ya kumdanganya. Lakini Kant huyohuyo, kwenye mihadhara yake ya maadili, alitoa mfano ambao watu wengi hawaukumbuki: naweza kufunga mizigo yangu ili watu wadhani nasafiri, na hapo sijasema uongo, kwa kuwa sijatamka neno; wao wenyewe wamejijazia. Mkono wa bibi ni begi la Kant. Muuguzi alisema anapima mapigo, akapima. Hakusema ameishia hapo.

Mimi hoja hii hainitoshi. Ni ya wakili. Mpita njia hana haki ya kujua safari zangu, lakini bibi ana haki na kifua chake. Kinachoniridhisha zaidi ni kuuliza faida ya kificho inakwenda kwa nani. Mwenye begi anajificha kwa ajili yake mwenyewe. Muuguzi hapati chochote kwa kuushika ule mkono sekunde sitini za ziada, tena sekunde hizo ni ghali kwake. Amechukua ruhusa ambayo hakupewa, na ruhusa ya namna hiyo ina deni ndani yake. Ukimtazama mtu kifuani bila yeye kujua, basi angalau tazama kweli. Hesabu.

Na hapo ndipo penye uongo wenyewe, jamani, ambao haufundishwi darasani. Fungua faili za wagonjwa katika hospitali nyingi duniani, tazama safu ya pumzi: 20, 20, 18, 20, 20. Kitanda cha kwanza 20, cha pili 20, cha tatu mwenye pumu 20. Watafiti wa nchi mbalimbali wamelisema hili kwa miaka mingi: pumzi ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Presha ina mashine yake, joto lina kipimajoto, oksijeni ina kidude cha kubana kidoleni. Pumzi, katika wodi nyingi, haina mashine. Ina macho ya mtu na dakika moja. Dakika moja mara wagonjwa arobaini, zamu ya usiku, muuguzi mmoja na msaidizi, na huku kuna dripu imeziba. Nani hatashawishika kuandika 20?

Lakini pumzi mara nyingi ndiyo ya kwanza kupiga kelele mwili unapoanza kushindwa, saa kadhaa kabla presha haijashuka. Kwa watoto jambo ni wazi zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ambayo muuguzi wa zahanati anaijua kichwani: chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi, kuanzia miezi miwili hadi kumi na moja, 50, kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, 40. Na ihesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, maana akilia hesabu imeharibika. Kwenye zahanati isiyo na eksirei, namba hiyo ndiyo inayoamua mtoto aliyekohoa aondoke na dawa ya nimonia au aondoke na ushauri wa kunywa vitu vya uvuguvugu.

Ile 20 ya kubuni inamdanganya daktari wa asubuhi, inamdanganya muuguzi wa zamu inayofuata, ambaye akikuta 26 hatajua kama bibi amebadilika au alikuwa hivyo tangu jana. Nafasi tupu ingekuwa ya kweli zaidi. Ukiacha tupu unasema: sikupata muda. Tatizo ni kwamba nafasi tupu inaulizwa na 20 haiulizwi. Msimamizi atapita na kufoka, "Hapa mbona hukujaza?" Hatauliza kamwe, "Hii 20 umeipataje?" Mfumo unaoadhibu upungufu na kuupokea uongo kwa mikono miwili unajua fika unanunua nini. Muuguzi ana lawama yake, siiondoi. Ila aliyempangia wagonjwa arobaini asikae pembeni akihubiri maadili.

Kuna deni la pili, la kumsadiki mgonjwa. Bibi anasema, "Mwanangu, pumzi hainitoshi." Kidude cha kidoleni kinasema 95. Nani asadikiwe? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha katika New England Journal of Medicine kwamba vidude hivi vilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi takriban mara tatu zaidi ya kwa Weupe. Mwanga unapita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inauchanganya. Fikiria hilo kwa wodi zetu, ambamo karibu kila kidole ni cheusi. Halafu, hata kidude kikiwa sahihi, kukosa pumzi ni kitu anachokihisi mwenyewe. Mwanafalsafa Havi Carel, aliyegunduliwa mwaka 2006 kuwa na ugonjwa adimu wa mapafu, ameandika kwa urefu juu ya umbali uliopo kati ya ugonjwa unaopimwa na ugonjwa unaoishiwa. Upo upande wa pili pia: wakati wa UVIKO-19 walikuwapo wagonjwa wanaopiga soga na kuchati huku oksijeni imeporomoka. Kwa hiyo neno la mgonjwa peke yake halitoshi. Ila likidharauliwa, kinachobaki ni mashine na namba za kubuni.

Sisi wapenzi wa fasihi tungekuwa wauguzi wazuri kwenye kipengele kimoja, na sisemi kwa utani. Muuguzi mzoefu husikiliza sentensi inakatikia wapi. Mwenye pumu iliyobana sana hamalizi sentensi kwa pumzi moja. Anasema maneno mawili, anavuta, mawili tena. Washairi wetu waliipanga mishororo yao mizani nane kwa nane, kina cha kati mahali pa kutua, kwa vifua vya watu wanaoghani. Mgonjwa huyu hafiki kwenye kina cha kati. Ukimuuliza "Umekula nini bibi?" unasikiliza jibu kwa masikio mawili: moja linasikia uji, jingine linasikia "u... ji... kidogo."

Basi muuguzi anamkalisha bibi wima, anamwekea mto juu ya meza aegemee mbele, anaangalia ulimi maana kwenye midomo myeusi rangi ya bluu haionekani upesi, anamwita daktari. Baada ya hapo nadhani anapaswa kumwambia. "Bibi, nilipokushika mkono nilikuwa nahesabu na pumzi zako pia. Ziko 28, ndiyo maana nimekukalisha." Haichukui hata sekunde kumi. Wapo watakaosema hiyo ni kumsumbua mgonjwa na mambo ya kitaalamu. Mimi naona bibi aliyelea wajukuu wenye vifua anaelewa kabisa.

Hasara yake ipo. Kesho asubuhi akiombwa mkono, bibi atajua, na atajikaza. Itabidi ahesabiwe akiwa amesinzia, au akiwa anamtazama jirani wa kitanda cha pili akigombana na mkwewe juu ya chupa ya chai.