Nabothi na Wazee wa Mji Wake

Ndugu zangu wa Busisi, nanyi wa Kigongo ng'ambo ya ghuba, neno hili ni lenu. Jirani zangu Waislamu mtakaoisoma karatasi hii mwaloni au kijiweni, nanyi sikieni. Neno hili ni lenu pia, maana ufukwe ni mmoja.

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme. Ahabu akalitamani, alifanye bustani ya mboga. Hakuja na upanga. Alikuja na maneno laini: atampa shamba zuri kuliko lile, na kama Nabothi anapenda fedha, atalipwa fedha. Nabothi akakataa, kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme mzima akarudi nyumbani, akajilaza, akaugeuza uso wake, akagoma kula.

Kisa hiki tumezoea kukihubiri tukiwatazama Ahabu na mkewe Yezebeli. Leo watazameni watu wengine, ambao Maandiko hayakutaja hata majina yao. Yezebeli hakutupa jiwe kwa mkono wake. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakubwa wa mji aliokaa Nabothi. Barua zikafika, wazee wakazisoma. Wangeweza kuzichoma. Wangeweza kumgongea Nabothi mlango usiku na kumwambia kinachopikwa. Wangeweza kupiga mbiu mji mzima ukusanyike. Walichofanya ni kuitisha mfungo, kama watu wa dini kabisa, wakaketisha mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa jirani yao nje ya mji wakampiga mawe. Jirani yao! Mtu waliyezika naye, waliyeoza naye mabinti. Kisha wakapeleka taarifa kwa malkia kwamba kazi imekwisha.

Nasema kwa uchungu: ardhi ya kijiji haipotei kwa mkono wa mgeni peke yake. Mgeni hajui shamba la mama mjane linaishia kwenye jiwe gani. Lazima apatikane mwenyeji wa kumwonyesha.

Kwa nini naliamsha neno hili sasa? Kwa sababu ya daraja. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za zege juu ya ghuba yetu ya Ziwa Victoria, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700 za Watanzania. Tumshukuru Mungu, na tusichoke kushukuru. Mnakumbuka wagonjwa waliokuwa wakienda hospitali ya Bugando wakilala kwenye magari wakisubiri kivuko, na mama mwenye uchungu wa kuzaa akitazama taa za pantoni zikiwa bado ng'ambo. Daraja hili ni rehema.

Lakini barabara iliyotufupishia safari imemfupishia pia mwenye tamaa. Ufukwe wa Busisi, wenye mawe makubwa na upepo wa jioni, sasa uko mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini. Pale mnapoanika dagaa, mwingine anapaona pa kuweka viti vya kuotea jua. Pale mtumbwi wako unapolala, mwingine anapaona pa gati la boti zake. Sina hoteli moja ninayoinyooshea kidole, wala simkatazi msafiri kulala Busisi na kula sato wetu. Ninachokihubiri ni kwamba mradi mkubwa usije kutukuta tumesinzia.

Ulizeni Nungwi, kaskazini ya Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni yenye makao Uingereza, East African Development Company, ilikodishiwa kilomita za mraba 57 za rasi ile kwa miaka 49. Ilikusudia kujenga hoteli 14, nyumba za kifahari kwa mamia, viwanja vya gofu na uwanja wa ndege, mradi wa dola bilioni 4. Katika eneo hilo walikuwa wakiishi watu wapatao 20,000: wavuvi, wakulima, mafundi wa majahazi. Hawakuulizwa. Tafakarini hilo, ndugu. Watu elfu ishirini wenye makaburi ya wazee wao pale, na mezani walipopangiwa maisha hapakuwa na kiti chao. Mpango ule haukutekelezwa. Lakini je, tungoje kila mara mipango ife yenyewe?

Rufiji hawakungoja. Mwaka 1997 Serikali ilikubali mradi wa kufuga kamba katika delta yao, hekta 10,000 zikiwamo za mikoko, ingawa Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, lilishauri vingine. Wavuvi na wakulima wa mpunga, watu kama ninyi, wakasimama. Wakatafuta wanasheria wa mazingira wa LEAT, wakaenda Mahakama Kuu kwa majina yao wenyewe. Mradi ule ulikufa. Lakini hapa ziwani kwetu, Warongo waliokuwa wakivua na kulima migomba kisiwani Rubondo waliondolewa katika miaka ya 1960. Leo kisiwa kile ni hifadhi ya taifa, na mtalii analipa kukiona.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi wenu hamkuambiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kwanza kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni ninyi! Ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18, mwanamke kwa mwanamume. Hata Rais akitaka kuihamisha ardhi itoke mikononi mwa kijiji, kama haizidi hekta 250, ni mkutano mkuu wenye kauli ya kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kupata maoni yenu. Na fidia, kiasi chake na siku ya kulipwa, lazima ikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji. Basi mgeni akimleta kijana wetu anunue kwa jina la kijana huyo, mjue kuna anayejificha nyuma ya shati la mtoto wetu.

Ngao tunayo. Tumeiacha imening'inia ukutani. Mbiu ya mkutano inalia, na sisi tunasema hayo ni mambo ya mwenyekiti. Vijana wako kwenye bodaboda. Kina mama wako kwenye vichanja vya dagaa, na hakuna aliyewapelekea habari. Wanakuja wazee thelathini, na hao thelathini wanaitwa kijiji. Wazee wa Yezreeli walipata nafasi ya kufanya walichofanya kwa sababu mji uliobaki ulikaa kimya!

Baba zangu mlioshika uongozi, nawapigia magoti. Ikifika barua yenye muhuri mzuri, isomeni hadharani siku hiyo hiyo. Bahasha itakayoambatana nayo msiipokee. Mnalala na watu hawa, mtazeeka na watu hawa, na watoto wenu watavua maji hayo hayo.

Mama zangu, kumbukeni mabinti watano wa Selofehadi katika Kitabu cha Hesabu. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wamesema haki. Njooni, msimame vivyo hivyo.

Mkutano mkuu ujao ukiitishwa, funga kibanda, egesha pikipiki, njoo. Taka muhtasari wa mkutano uliopita usomwe wote kwa sauti. Uliza ni ekari ngapi zinazoombwa, na nani, na kwa miaka mingapi, na njia ya kwenda mwaloni itabaki wapi. Na ikizungushwa karatasi ya mahudhurio, usiweke sahihi mpaka juu yake paandikwe tarehe na ajenda ya siku hiyo, kwa maana sahihi iliyowekwa kwenye karatasi tupu inaweza kubandikwa kesho kwenye uamuzi ambao hukuusikia.