Mapumziko ya Nyumbani na Haki za Watu wa Nyumba

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeupanga usiku kwa utulivu na mchana kwa kutafuta maisha, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, mtu akitaka kufungua duka au kushika kazi huja kwa wanavyuoni akauliza: hili ni halali au ni haramu? Na hilo ni jambo jema. Lakini ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: Nimepewa ruhusa ya juma moja kazini, nami sina safari, nataka kukaa nyumbani kwangu nipumzike, je, nizitumie vipi siku hizo ili nisiwe na deni mbele ya Mola wangu? Twadhani kuwa mtu akizivua nguo za kazi huwa amevua pamoja nazo amri na makatazo, mpaka siku atakayozivaa tena. Kwa ajili hiyo tumeona yapasa kuliandika jambo hili, japokuwa litaonekana dogo mbele ya macho ya wengi.

Jambo la kwanza lipasalo kujulikana ni kuwa kupumzika si uvivu wala si aibu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan ameuhesabu usingizi kuwa ni katika neema zake, na katika Suratun Nahl ametukumbusha kuwa yeye ndiye aliyetujaalia majumba yetu kuwa ni mahali pa utulivu. Basi mwenye kukaa nyumbani kwake akautuliza mwili uliochoka huwa aitumia neema ya Mola kwa jambo lile lile iliyowekewa. Na sahaba Handhala alipomshtakia Mtume (s.a.w.) kuwa akiwa mbele yake moyo huwa kama unaiona Pepo na Moto kwa macho, na akirudi kwa mke na watoto na shughuli za maisha husahau mengi, Mtume hakumkemea, bali alimfahamisha kuwa iko saa ya hili na saa ya lile.

Na sheria ya nchi yetu imeafikiana na maumbile haya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imempa mwenye kuajiriwa, baada ya kila miezi 12 ya kazi, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili, mbali na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Basi karani wa bandarini, au mwalimu wa skuli, au bawabu wa hoteli, achukuapo juma lake haombi sadaka kwa tajiri wake; achukua haki yake.

Jambo la pili ni kuwa likizo si lazima iwe safari. Siku hizi mwenye kusema kuwa atakaa nyumbani huchekwa, akaulizwa kama ameishiwa. Wako watu wakopao ili wapande ndege au walale hoteli siku tatu, si kwa haja ya kutembea, bali wapate picha za kuwaonyesha wenzao katika simu. Picha hutazamwa siku moja, na deni hulipwa miezi sita, na katika miezi hiyo sita watoto hupunguziwa maziwa. Kusafiri kwa mwenye uwezo ni halali, na kutembelea jamaa walio mbali ni ibada. Lakini kujitwisha deni kwa ajili ya kuonekana ni israfu iliyochanganyika na ria. Aliyejaaliwa nyumba, ijapokuwa ni ya vyumba viwili vya kukodi, amekwisha kupewa mahali pa kupumzikia, wala hana haja ya kupaona haya.

Lakini sasa yatupasa tuulize swali ambalo ndilo hasa tulilokusudia. Mola ameijaalia nyumba kuwa ni mahali pa utulivu. Utulivu wa nani? Wa mwenye nyumba peke yake, au wa wote wakaao ndani yake?

Tumtazame mtu mmoja miongoni mwetu, naye ni wengi. Amepata juma lake la ruhusa. Huamka saa tatu, na sala ya Alfajiri imempita, akaita chai na mahamri. Mkewe, ambaye siku nyingine baada ya kuwatoa watoto kwenda skuli hupata saa moja ya kuketi, leo yuko jikoni tangu asubuhi. Saa sita hutaka chakula kizuri, kwani si kila siku yeye hula mchana nyumbani. Alasiri huja rafiki zake barazani, ikatoka kahawa, ikarudi dele tupu, ikatoka tena, na baada yake kaimati na viazi vya karai. Watoto wakicheza huambiwa wanyamaze, baba amelala; na baba akiamka huwa macho yako katika simu au katika mpira wa televisheni, mwana akimwita mara tatu haitiki. Usiku watu hukesha mpaka saa saba kwa miraa na maneno. Juma likaisha, naye akarudi kazini akisema: Alhamdulillahi, nimepumzika. Na nyumba nzima ikasema: Alhamdulillahi, amerudi kazini.

Je, ndugu msomaji, huku ni kupumzika? Mtu huyu hakuutua mzigo wake. Ameuondoa katika mabega yake akauweka juu ya mabega ya wengine, tena ya watu ambao Mwenyezi Mungu atamuuliza juu yao.

Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa alilokuwa akilifanya Mtume (s.a.w.) awapo nyumbani kwake, na jawabu lake limepokewa na Imamu Bukhari: kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Na katika riwaya nyingine zimetajwa kazi zenyewe, kushona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi fikirini! Huyu ndiye aliyekuwa akipokea wahyi, akiongoza majeshi, akihukumu baina ya watu, na wajumbe wa makabila wakimjia. Hapana kati yetu mwenye kazi nzito kuliko yake. Naye hakuingia nyumbani ili atumikiwe, bali aliingia akatumika. Sisi twashindana juu ya sunna ya mswaki na sunna ya kilemba, na hayo ni mema. Lakini hii sunna ya kushika sindano na kuinua ndoo tumeiacha, wala hatumsikii mtu akiihubiri.

Tena mambo ya nyumbani kwake hayakuwa kazi tupu. Imepokewa na Abu Daudi kuwa alishindana mbio na Bibi Aisha, naye Bibi Aisha akashinda. Kisha baada ya muda wakashindana tena, na Mtume akashinda, akafanya mzaha juu ya hayo. Haya ndiyo mapumziko: mtu na mkewe wakacheka pamoja, si mmoja akacheka barazani na mwingine akafuka moshi jikoni.

Huenda mtu akasema: Kazi za nyumba ni za wanawake, na mimi ndiye niletaye riziki, basi katika siku zangu chache nina haki ya kutumikiwa. Twamjibu kwa mambo mawili. La kwanza, wanawake wangapi leo huenda kazini kama waume zao, wakarudi jioni pamoja, mmoja akaenda kitini na mwingine akaenda jikoni? Hapo hoja ya riziki imekwisha kuanguka. La pili, hata yule asiyetoka nyumbani yeye pia huchoka. Bibi Fatuma (r.a.), binti wa Mtume, mikono yake iliota sugu kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume hakumwambia kuwa kazi ya nyumba si kazi. Aliwajia yeye na Sayyidna Ali usiku, akaketi kati yao, akawafundisha tasbihi na tahmidi na takbiri za wakati wa kulala, kuwa ni bora kwao kuliko mtumishi. Basi ikiwa uchovu wa mke uliletwa mbele ya Mtume wa Mungu naye akautokea kwa miguu yake usiku, sisi ni nani hata tuupuuze?

Na ukitaka kujua jinsi jambo hili lilivyo kubwa, kitazame kisa cha Salman na Abu Dardai. Mtume (s.a.w.) aliwafanya ndugu, na siku moja Salman akaenda kumzuru nduguye, akamwona mkewe katika nguo zilizochakaa. Akamuuliza hali yake, akaambiwa kuwa Abu Dardai hana haja na dunia. Abu Dardai alikuwa mchana hufunga na usiku husimama kusali. Salman akamfanya ale, akamfanya alale, na ulipofika mwisho wa usiku wakasali pamoja. Kisha akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume alipopata habari akasema kuwa Salman amesema kweli. Zingatieni: kilichomzindua Salman ni hali ya mke. Ikiwa saumu na sala za usiku hazikuwa udhuru wa kuwaacha watu wa nyumbani, yatakuwaje udhuru usingizi wa mchana na soga za barazani?

Na yuko mwingine ndani ya nyumba ambaye twamsahau zaidi, naye ni mtumishi. Mtu huijua sana haki yake ya siku 21, akaidai kwa tajiri wake kwa barua. Lakini yule msichana afuaye nguo zake na kumlelea watoto wake ana miaka miwili hajaonana na mama yake ila kwa simu. Sheria ile ile ya mwaka 2007 haikumtoa mtumishi wa nyumbani. Na kabla ya sheria hiyo Mtume (s.a.w.) amemuusia Abu Dharri kuwa watumishi ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavike tunachovaa, tusiwatwike wasiloliweza, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Basi mwenye kukaa nyumbani juma zima kwa likizo, na mtumishi wake hana hata siku moja, na ajihesabu kabla ya kuhesabiwa.

Ama wakati wenyewe, Mtume ametuonya kuwa ziko neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, afya na faragha. Juma la likizo ni faragha iliyotimia. Mwenye kulala na akapitwa na Alfajiri kwa kuwa hana kazi asubuhi, huyo ameonyesha kuwa aliyekuwa akimwamsha siku zote ni tajiri, si Mola wake. Na hilo ni jambo la kutisha kwa mwenye kulifikiri.

Wala hatusemi kuwa baraza ni haramu. Mtume aliwakataza sahaba kukaa njiani, na walipomweleza kuwa ndipo wanapozungumza, aliwaruhusu kwa sharti ya kuipa njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Baraza lenye haki hizo ni katika uzuri wa miji yetu. Baraza la kusengenya na kutafuna miraa halina hata moja ya haki hizo.

Basi afanye nini mwenye juma moja? Siku ya kwanza na alale baada ya kusali Alfajiri, kwani mwili una haki. Kisha atazame nyumba: bomba livujalo, mlango usiofunga, taa iliyokufa tangu Ramadhani. Awatake watoto daftari zao za chuoni na za skuli, awasikilize sura waliyofikia, kisha acheze nao. Kwani Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika kuwa mtoto asiyeachwa acheze baada ya masomo moyo wake hufa na akili yake hupungua. Asali sunna zake nyumbani, kwa kuwa tumekatazwa kuyafanya majumba yetu makaburi. Awazuru wazazi na shangazi na wagonjwa wa mtaani. Ampe mtumishi siku zake na nauli yake. Na siku moja katika hizo, ikiwa haiwi zaidi, amwambie mkewe: Leo nenda kwenu ukashinde na mama, watoto na chungu niachie mimi. Wali ukiungua, na uungue. Utaliwa, na watoto watausimulia mpaka watakapokuwa watu wazima.

Jioni ya siku ya mwisho mtu asijiulize peke yake kama amepumzika. Na amuulize mkewe, awaulize wanawe, amuulize na mtumishi: Je, nanyi mmepumzika? Na jawabu lolote watakalompa alipokee bila ya hasira.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie majumba yetu kuwa ni mahali pa utulivu kwa wote waliomo, awape nguvu wenye kuchoka, na atuwezeshe kumpa kila mwenye haki haki yake kabla ya siku ambayo haki zitalipwa kwa mema yetu. Amin.

Wabillahi taufiq.