Mafuta ya Mjane na Maziwa Yetu



Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka, baada ya ibada ya asubuhi, tulisimama nje ya kanisa kama ilivyo desturi yetu, na mazungumzo yakaja kwenye jambo lile lile lijalo kila Januari shule zinapofunguliwa: fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba katika shule za serikali ada haidaiwi tena, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini viatu, sare, madaftari na nauli havimngoji mtu. Ndipo mama mmoja akasema, "Mwalimu, kila siku mwatuhubiria tutoe. Mbona hamtuambii tupate wapi?"

Swali lile hatukulijibu pale pale, maana lilituchoma. Leo tunajaribu kulijibu. Katika 2 Wafalme, mlango wa 4, mstari wa 1 hadi wa 7, kuna habari ya mjane mmoja ambaye mumewe alikuwa mcha Mungu, tena mwanafunzi wa manabii, naye alikufa akaacha deni. Mwenye kudai akaja, na kwa kuwa hakuna mali, alitaka kuwachukua watoto wawili wa mama yule wawe watumwa wake. Mama akamlilia Elisha. Nabii hakumpa fedha. Alimwuliza ana nini ndani ya nyumba. Akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Mnajua yaliyofuata: aliazima vyombo kwa majirani, akajifungia ndani na wanawe, akamimina mpaka vyombo vikaisha, akauza, akalipa deni, na kilichobaki wakaishi kwacho. Twaona humo mafundisho manne yanayotuhusu sisi wenye mifuko myepesi.

Kwanza, tazama lile neno "ila". Mama alisema hana kitu, kisha akasema ila. Sisi watu wa mlimani husema "hatuna kitu" huku tumesimama katikati ya kihamba. Kahawa ililetwa kwetu na mapadre wa Kilema mwaka 1898. Wazee wetu wakaunda chama cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Kahawa ilijenga shule, ikatusomesha wengi wetu, na hatuwezi kuisema vibaya. Lakini kahawa ilikuwa mali ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, na watu waliviita vitu vidogo. Mapatano ya mataifa juu ya soko la kahawa yalipovunjika mwaka 1989 bei ikaanguka, na wako waliong'oa mibuni yao. Ni nani aliyelisha nyumba katika miaka ile? Ni mkungu wa mshare uliochukuliwa kichwani mpaka Kiborloni au Mwika. Ni nusu lita ya maziwa iliyopelekwa kwa jirani. Ni fungu la mnafu lililochumwa alfajiri. Kitu kidogo kile ndicho kilikuwa chupa ya mafuta.

Basi, kabla ya kwenda kutafuta kazi ya ziada mbali, zunguka nyumba yako na kalamu mkononi. Andika kilichopo: mparachichi ulio nyuma ya jiko, cherehani iliyofunikwa kitambaa, samadi iliyorundikana zizini, mikono inayojua kusuka. Tena andika muda ulio nao, maana huo nao ni mali. Akina baba, mnapoandika, msisahau kuandika ya mama, wala msiyachukue. Fedha ya mayai ikinyakuliwa jioni, kesho kuku hatatunzwa.

Pili, vyombo vilikuwa vya majirani. Mafuta ya mama yule yasingekuwa na pa kukaa kama angaliishi na jirani zake kwa ugomvi. Mfano ni kuku. Mtu anaweza kuanza na mitetea mitatu na tenga la kukingia vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Mtetea wa kienyeji hulalia mayai kumi au kumi na mawili, na siku ya 21 vifaranga hutoka. Lakini kideri kikipita, kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo yake ni tone moja tu jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ila chupa moja ni ya kuku wengi, na ikifunguliwa haifai kuwekwa. Mwenye kuku sita peke yake huona ni hasara, naye huacha. Majirani kumi wakichanga, wakachanja siku moja, kila mmoja hutoa kidogo na wote hupona. Kule Nronga, Machame, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 akina mama wameungana katika ushirika wao wa maziwa. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kuwa tajiri kwanza.

Tena angalieni: Elisha alimtuma mjane aazime vyombo, hakumtuma aazime fedha. Hatusemi kila mkopo ni dhambi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambapo watu hujuana na faida hurudi kwao wenyewe, vimeokoa nyumba nyingi. Tunasema juu ya ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Sisi wenyewe tuliionja. Mjukuu wetu alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Tukakopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Sisi tuliofundisha hesabu za riba ubaoni miaka zaidi ya thelathini hatukukaa chini kuipiga hesabu yetu wenyewe. Kila mwezi tulitoa 40,000, na ile 200,000 ikabaki vile vile. Baada ya miezi mitatu tulikuwa tumetoa 120,000 na deni halijapungua hata senti.

Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo tungependa kulificha, lakini haifai kumwambia mwenzako ajihadhari na shimo bila kumwambia kwamba wewe ulitumbukia. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila asubuhi tuliuza lita tano. Siku moja, tukifikiri juu ya mwisho wa mwezi, tuliongeza lita moja ya maji. Kesho yake tukaongeza tena. Tulijifariji kwamba maji ni safi, yamechemshwa, hayamwui mtu. Yaliendelea hivyo karibu majuma mawili. Asubuhi moja mjukuu wetu mdogo, mwenye umri wa miaka saba, alitangulia jikoni, nasi tukamkuta amekwisha kushika kikombe cha maji juu ya ndoo ya maziwa. Akauliza, "Vikombe vingapi leo, Bibi?"

Ndugu zangu, tulikaa kwenye kigoda tukakosa la kusema. Mjane wa Elisha alihangaika ili watoto wake wasichukuliwe. Sisi, katika kuhangaika kwetu kwa ajili ya mjukuu mmoja, tulikuwa tunampoteza mwingine, tena kwa mikono yetu na ndani ya jiko letu.

Na hili ndilo fundisho la tatu: mlango ulifungwa, na watoto walikuwa ndani. Wao ndio waliompa mama vyombo. Walijifunza kazi, walimwona akimimina kilicho halali. Hakuwatuma usiku stendi na beseni la karanga vichwani huku wenzao wakisoma. Kazi ya ziada inayomla mtoto, ikamtoa shuleni, au ikageuza sebule yake ya kusomea kuwa kilabu cha mbege, imemfungulia mwenye kudai mlango wa nyuma. Hatuwashutumu akina mama wanaopika pombe kwa kukosa njia nyingine. Tunajua machozi yao. Twawaomba tu watafute njia nyingine pamoja nasi. Na katika habari ile yote, ndugu, hakuna mahali ambapo mama aliambiwa aongeze maji katika mafuta. Kuongeza ni kazi ya Mungu. Kazi yetu ni kumimina kilicho kweli.

Siku ile ile tulichukua fimbo yetu tukaenda kwa wateja wote watano. Wa mwisho alikuwa mama mmoja anayemlea mjukuu mchanga, ambaye hununua nusu lita kila siku bila kukosa. Tulipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua, Mwalimu. Nilionja siku ya pili. Nikasema moyoni, Mwalimu amepatwa na shida, nikaogopa kukuaibisha." Aliyejua alikuwa amevumilia, na mtoto mchanga ndiye aliyelipa riba yetu. Tulimpelekea maziwa bila malipo kwa majuma mawili, maana mwizi hurudisha. Wawili katika wale watano hawakurudi kununua kwetu, na hatuwalaumu.

Nne na la mwisho: nabii alimpa mjane utaratibu wa matumizi. Alipe deni kwanza, kisha waishi kwa kinachobaki. Nasi tulifanya hivyo kwa kuchelewa. Tuliuza ndama, tukalipa ile 200,000 yote siku moja. Tangu hapo tuna vikopo vitatu juu ya kabati: cha kwanza ni cha pumba na dawa za mifugo, maana kazi isiyojilisha hufa, cha pili ni cha ada, cha tatu, kilicho kidogo kuliko vyote, ni cha sadaka na jirani mwenye shida. Kila Jumamosi jioni mjukuu yule mdogo huandika hesabu katika daftari, iliyoingia na iliyotoka. Mwandiko wake bado umepinda, lakini hesabu ni za kweli. Dada yake yungali chuoni. Mwaka uliobaki ni mmoja, na kikopo cha ada hakijajaa.

Kwa hiyo, mama uliyetuuliza, jibu letu ndilo hili. Hatukuahidi utajiri. Chupa ya mjane haikumfanya tajiri. Ilimwacha na watoto wake, bila deni, na chakula. Rudi nyumbani, tazama kilichopo, waite majirani, wafundishe watoto kwa mfano, lipa unachodaiwa. Na ikiwa umeingia katika kausha damu, usijifungie peke yako kwa aibu kama tulivyofanya sisi. Mwambie kasisi, au waambie wenzako wa Umoja wa Akina Mama, deni lingali dogo.

Tuombe. Ee Baba, uliyeijaza chupa ya mjane, bariki kidogo kilichomo nyumbani mwetu. Utuepushe na kipimo cha uongo. Uwalinde watoto wetu wasichukuliwe na mwenye kudai, wala na sisi wenyewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.