Je, apendaye haogopi?

Katika nchi ya Japani watoto wana mchezo uitwao Kikapu cha Matunda. Wanaketi duara, kila mmoja anapewa jina la tunda, na asikiaye tunda lake likitajwa huondoka mbio kutafuta kiti kingine. Kuna kisa cha msichana mmoja, Tohru, ambaye wenzake walimpa kwa dhihaka jina la onigiri, maana yake tonge la wali. Alingoja, akangoja. Wali si tunda. Hakuitwa hata mara moja.

Mchezo huo ndio uliokipa jina kitabu cha bibi Natsuki Takaya, Fruits Basket. Ni kitabu cha picha, namna ile ambayo Wajapani huiita manga. Kilitoka kidogo kidogo katika gazeti la wasichana tangu mwaka 1998 hata 2006, kikajaza vitabu 23. Tena picha zake zilifanywa sinema ya televisheni mara mbili: mwaka 2001, na tena toka 2019 hata 2021. Wazazi wengine wakiona vijana wao wanatazama mambo kama hayo, husema ni upuuzi mtupu. Sisi tunasema: tusihukumu chungu kwa masizi yake, tuonje kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Tohru amefiwa na baba na mama, naye anakaa peke yake katika hema msituni. Vijana wa ukoo wa Sohma wanamkuta na kumpokea nyumbani mwao. Lakini ukoo huu una siri. Watu kumi na wawili kati yao wamefungwa na roho za wale wanyama ambao kwao Wajapani huitia miaka majina: panya, ng'ombe, sungura, nyoka, mbwa na wengine. Wa kumi na tatu ana roho ya paka. Mwanamume wa ukoo huo akikumbatiwa na mwanamke, au mwanamke na mwanamume, mara moja anageuka mnyama wake. Hapo ndipo kichekesho kilipo: kijana ambaye wasichana wote wa shule wanamtamani, akigongana na mmoja wao, anakuwa panya, na nguo zake zinabaki chini! Tucheke, si vibaya. Lakini tukiisha kucheka, tufikiri: kuna watoto ambao hata mama yao hawezi kuwapakata.

Kitabu kinatuonyesha wamama wawili wa namna hiyo. Wa kwanza alimzaa Momiji, mtoto wa roho ya sungura. Alipomkumbatia akakuta mnyama mikononi, akili yake ikaugua. Mwisho akakubali mtoto huyo aondolewe katika kumbukumbu yake. Sasa anapishana naye, anamsalimu kwa adabu kama mtoto wa watu, wala hajui kwamba ni damu yake. Momiji anajua.

Mama wa pili alimzaa Kyo, mwenye roho ya paka. Msiba wa Kyo unapita wa wengine. Mkononi anavaa bangili ya shanga. Ikivuliwa, anageuka dude la kutisha lenye harufu mbaya. Mama huyu hakumsahau mtoto. Alimwambia kila mara kwamba anampenda, tena kwamba haogopi kitu. Lakini mara nyingi kwa siku aliitazama ile bangili kama ingali mahali pake, na hakupenda mtoto atoke nje.

Basi tuulize: mapendo ni nini? Je, ni kutouona ubaya wa mwenzetu? Ni kusema kwamba hatuuogopi?

Wengi watajibu ndiyo. Husema: apendaye haoni kasoro. Na kweli, maneno ya mama yule yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Lakini mtoto hasomi midomo tu, anasoma na mikono. Mdomo ulisema, "Siogopi," na mkono ukaenda kwenye bangili. Kyo akajifunza kwamba jambo lake ni baya hata haliwezi kutajwa. Tusimhukumu mama huyo kwa ukali. Alibeba mzigo mzito peke yake. Ila mapendo yake yalikuwa na mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango huo alikaa mtoto wake.

Usiku mmoja wa mvua, mlezi wa Kyo, mwalimu Kazuma, aliivua bangili ile mbele ya Tohru kwa kusudi. Kyo akageuka, akakimbilia msituni kwa aibu. Tohru alitetemeka, tumbo likamchafuka. Hata hivyo alimfuata. Alipomfikia hakusema kwamba haoni kitu. Alikiri kwamba anaogopa. Tena akasema kwamba anataka wazidi kukaa pamoja, kula pamoja, na kusikia matata yake. Hayo ndiyo ambayo Kyo hakuyasikia tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo sisi tunajibu hivi. Hofu haishindani na mapendo. Hofu hutujia bila kuitwa, kama baridi wakati wa mvua. Hakuna mtu anayeichagua. Lakini kukaa au kuondoka, hilo tunalichagua. Anayesema, "Sioni kasoro yako," anapenda mtu ambaye hayupo. Anayesema, "Naiona, inanitisha, nami sikuachi," huyo anampenda mtu mwenyewe.

Wengine watatuuliza: Basi tuvumilie kila kitu? Sivyo. Kitabu chenyewe kinatofautisha. Mkuu wa ukoo wa Sohma, Akito, huwapiga na kuwatisha ndugu zake, akimwumiza mmoja hata jicho, kwa sababu hataki waondoke kwake. Naye huyaita hayo kifungo cha mapendo. Sura ya Kyo ni msiba uliompata. Mapigo ya Akito ni matendo yake. Msiba wa mwenzetu tunapaswa kuubeba pamoja naye. Uovu wake tunapaswa kuukataa, hata kama bado tunamtakia mema.

Tohru ana mfano mmoja tunaoupenda. Anasema uzuri wa mtu ni kama tunda lililotiwa chumvi na kubandikwa mgongoni mwa tonge la wali. Mwenye mgongo hawezi kuliona; anaona ya wenzake tu, na kuwaonea wivu. Ni lazima aliye nyuma yake amwambie.

Ndugu wasomaji, huenda nyumbani mwako kuna mtoto mwenye kifafa, anayefungiwa chumbani wageni wakija. Pengine unampenda sana na kumwambia kwamba huoni haya. Msiba wake umekwisha kuujua, naye anajua kwamba unaujua. Usimdanganye. Siku wageni watakapofika, mfungulie, mtaje kwa jina lake, mpe kiti chake penye chakula. Asibaki akingoja kama tonge la wali katikati ya matunda.